Nusu Mzunguko Juu ya Himo

Nilikuwa nimechoka kabla gari lile halijaingia uwanjani kwangu pale Njoro, mjini Moshi. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nilichoshwa na kompyuta. Mgongo ulianza kuniuma nikiwa na miaka thelathini na tano, kwa kulala chini ya malori, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikiangusha nati naiangalia kwanza, najiuliza kama kweli naihitaji.

Kazi nayo ilibadilika bila kutuaga. Tulizoea magari machache, makuukuu, ambayo kila moja tulilijua na ubishi wake. Biashara ilipofunguliwa, yakaanza kumiminika magari yaliyotumika kutoka Japani na Dubai. Unafungua boneti, hukuti kabureta. Unakuta nyaya, mabomba, na chini ya dashibodi kijisanduku cha bati, yaani kompyuta, ambacho ndicho kinaamua injini ipewe petroli kiasi gani. Mafundi wengi wa rika langu waliyaogopa magari hayo, wakasema ni ya watoto wa shule. Mimi nilijifunza. Sikujifunza kwa mapenzi, nilikuwa na watoto wanne na sikuwa na kazi nyingine ninayoijua.

Aliyenifundisha ufundi alikuwa mzee mmoja wa Marangu aliyekuwa na gereji mjini Moshi tangu siku ambazo mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Nilikaa kwake miaka tisa. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya bisibisi ndefu. Aliweka ncha yake kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia ni silinda ya ngapi inakusumbua. Sikumbuki kama aliwahi kukosea. Kama aliwahi, sisi wanafunzi wake tusingemwambia.

Mambo mawili aliyashikilia kuliko mengine. La kwanza lilikuwa la mlima. Kabureta haijui kama uko Kahe kwenye joto au uko Marangu kwenye baridi. Inamwaga mafuta yaleyale. Lakini ukipanda, hewa inapungua, mafuta yanazidi, injini inatoa moshi mweusi na kukohoa. Kwa hiyo ukishapita Himo na barabara ikianza kuinuka, unasimama, unafungua boneti, unapunguza skrubu ya mafuta kwa nusu mzunguko. Ukirudi chini unairudisha. Madereva wote wa zamani wa upande ule walifanya hivyo. Palikuwa na mahali penyewe, kwenye kona moja yenye mfereji wa maji, na mkono wangu ulipajua kama unavyojua mlango wa nyumbani.

La pili lilikuwa la kifaa kilichoharibika. Ukitoa kitu kwenye gari la mtu, hata kama ni gasket iliyoungua, hukitupi. Unakifuta, unakifunga kwenye kitambaa, unamwonyesha mwenyewe akione kwa macho yake. Fundi asiyeonyesha kifaa ana jambo analificha. Hilo alilisema mara nyingi mpaka tukawa tunalicheka.

Gari lenyewe lilikuwa la kwake. Lilikuwa gari jekundu la michezo, la milango miwili na paa la turubai, lililotengenezwa Uingereza, ambalo mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa alimwachia wakati anaondoka. Vijana wa leo wakiliona watacheka jinsi lilivyo fupi, lakini zamani likipita watu walisimama kwenye migomba kulitazama. Kwa miaka mingi mzee alipanda nalo kwao kila Krismasi, kama Mchaga yeyote anayejiheshimu, na mkewe kushoto amejifunga kitambaa kichwani. Kisha kabureta zake mbili zikachakaa. Vipuri havikuwepo tena popote. Mara ya mwisho lilizima kabla ya kufika Marangu Mtoni, na tangu hapo likakaa chini ya mabati kwenye gereji yake, limefunikwa gunia.

Mwaka ninaousema, mzee alikuwa anafunga gereji. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, kwenye migomba na kahawa iliyokuwa imekosa matunzo tangu bei ilipoanguka. Alikuja kwangu akasimama mlangoni, akaangalia nyaya zilizotapakaa kwenye meza yangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hivi ndivyo mnavyotengeneza magari siku hizi? Na koleo ya fundi redio?”

Nikacheka. Akakaa kwenye tairi. Alizunguka sana kabla ya kufika alipokusudia, akaulizia watoto, akaulizia mgongo. Mwishowe akasema kwamba amewaambia watu wote kijijini, na kanisani amesema baada ya ibada, kwamba Krismasi hii anarudi nyumbani kabisa, na atapanda na gari lake akiliendesha mwenyewe. “Sasa kabureta hazifai. Nimezikarabati mpaka zimekwisha. Wewe una njia?”

Njia nilikuwa nayo. Nilikuwa na injini ya gari dogo la Kijapani lililogongwa, yenye ukubwa karibu sawa na ya kwake. Ningetoa injekta zake za kunyunyizia mafuta, pampu yake, sensa zake za kupimia joto na hewa, na ile kompyuta, nihamishie kwenye gari la Mwingereza. Nilipomweleza aligeuka akazitazama tena nyaya za mezani. Nilimwona anajilazimisha.

“Fanya,” akasema. “Lakini niwepo.”

Ilichukua wiki saba, na alikuwepo kila siku. Hayo mengine nayasema kwa kifupi kwa sababu hata kuyakumbuka kunanichosha. Tulitoboa manifoldi, bomba la kugawia silinda hewa, matundu manne, tukamtafuta mtu wa kuchomelea aluminiamu, na alipoharibu ya kwanza tukaanza upya. Pampu ya injekta inasukuma mafuta kwa nguvu, kwa hiyo bomba la zamani halikufaa; tukapitisha jipya, na lingine la kurudisha mafuta tangini. Nyaya nilizifuata moja moja kwa tochi na balbu ya kupimia. Kompyuta ile ilikuwa na sensa ya kupima mgandamizo wa hewa inayoingia, na ndiyo iliyonifurahisha. Gari likipanda, hewa ikipungua, sensa inaona, na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe. Hakuna kusimama kwenye kona. Hakuna skrubu.

Lakini injini ya Mwingereza haikuwa ya kompyuta ile, na mchanganyiko wa mafuta na hewa haukukaa sawa tangu mwanzo. Nikatumia ujanja tuliokuwa tukiutumia mafundi: nikaingiza kwenye waya wa sensa ya joto kirungu cha kuongezea sauti kutoka kwenye redio mbovu. Ukikizungusha kulia, kompyuta inadhani injini ni ya baridi, inaongeza mafuta. Kushoto, inapunguza. Ukishapata mahali panapofaa unakiacha hapo, na kwa kawaida unakificha nyuma ya dashibodi kisiguswe na mtu.

Sikukificha. Mzee alikiona akauliza ni cha nini, nikamweleza, na kwa mara ya kwanza katika wiki zile uso wake ulifunguka. “Kiweke hapa mbele,” akasema. “Gari lisilo na kitu cha kushika mimi nitaliendeshaje?” Nikakifunga pembeni mwa usukani. Nilifanya hivyo kwa kumpenda, na mpaka leo naona palepale ndipo nilipokosea.

Tulilijaribu kuelekea Kahe, kwenye barabara iliyonyooka. Liliwaka kwa mguso mmoja na kwenda kwa utulivu ambao sijawahi kuusikia kwenye injini ya umri ule. Tuliposimama kugeuza, mzee akanusa hewa.

“Halina harufu,” akasema.

“Halipotezi mafuta, mzee. Na mlimani usiguse kirungu. Kompyuta inapima hewa yenyewe.”

“Nimesikia.”

Nina hakika alisikia. Narudia hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba labda sikusema.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, siku chache kabla ya Krismasi. Mkewe alikuwa ametangulia. Mzee alivaa koti la suti na kofia, akashika usukani, mimi nikakaa pembeni na sanduku la spana magotini. Paa tulikuwa tumelifungua. Barabara ilijaa magari ya watu wa Dar wanaopanda nyumbani, na wote walipunga mikono. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu kama kawaida yake ukihitajika.

Tulipita Himo, tukakata kushoto, barabara ikaanza kuinuka. Gari likapanda vizuri, bila kukohoa, na nilihisi kitu ambacho nilikuwa sijakihisi kwa muda mrefu kwenye kazi hii: niliona fahari. Kisha tukafika kwenye ile kona yenye mfereji. Mzee akapunguza mwendo. Hakusimama, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kufungua boneti. Mkono wake wa kulia ukaacha usukani, ukaenda kwenye kirungu, ukakizungusha kushoto. Nusu mzunguko kamili.

Niliona. Naomba nieleweke hapa. Niliona, nikajua palepale maana yake. Kompyuta ilikuwa imeshapunguza mafuta kwa ajili ya mlima, na sasa mzee amepunguza tena juu yake. Injini inayopanda na mzigo, ikinyimwa mafuta mara mbili, inapata moto ndani mpaka pistoni inayeyuka. Nilifungua mdomo. Mwanaume yule alinifundisha kushika spana. Alinisimamia siku ya harusi yangu. Amevaa koti la suti, anarudi kwao. Nimwambie nini? Kwamba mkono uliopandisha magari ya watu mlima huu miaka arobaini sasa unakosea? Nikafunga mdomo. Nikajiambia zimebaki kilomita chache, litavumilia.

Baada ya muda nikaanza kusikia mlio, kama kokoto kwenye kopo, kila alipokanyaga mafuta. Mzee mwenye masikio kuliko mtu yeyote Moshi alikuwa karibu nao kuliko mimi. Aliendelea kupunga mkono kwa watu. Nikasogeza mkono kuelekea kirungu, nikaurudisha magotini. Mara ya pili sikuusogeza.

Lilikufa karibu na daraja, kabla ya Marangu Mtoni. Kwanza lilipoteza nguvu, kisha moshi wa buluu ukatoka kwenye kifuniko cha oili, kisha likanyamaza. Mzee akashuka akaenda kusimama pembeni ya barabara, amenipa mgongo. Nilipoona hatazami, nilirudisha kirungu mahali pake pa mwanzo. Nilifanya upesi, kama mtoto anayefuta sukari mdomoni.

Tulivutwa na pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi. Mimi ndiye niliyeshika usukani, kwa sababu mzee alikataa kuvutwa. Alipanda mbele na dereva wa pikapu. Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani kabisa. Watu walikuwa wamejipanga kwenye njia ya kihamba, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari, na mtori wa ndizi na nyama unanukia kutoka jikoni. Kelele zilianza walipotuona, zikapungua walipoiona kamba.

“Meku, gari limekuwaje?” mtu mmoja aliuliza. Meku ndivyo wanavyomwita mzee wa heshima kule.

Mzee akavua kofia, akatabasamu. “Kompyuta imeukataa mlima,” akasema.

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipewa kibuyu cha mbege nikanywa nimesimama, na ilikuwa chungu kuliko kawaida, au labda ni mimi.

Baada ya mwaka mpya nilipanda kwenda kuifungua injini, kwenye banda lililokuwa likitazamana na zizi la ng'ombe. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anakatakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Niliitoa, nikaifuta, nikaifunga kwenye kitambaa kama alivyonifundisha. Kisha nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu.

“Umeona nini?” akauliza.

“Injekta ya tatu iliziba, mzee. Ikanyima silinda mafuta.”

“Iko wapi hiyo injekta?”

“Nimeitupa.”

Aliendelea kukata majani. “Haya,” akasema.

Nilijiona mwungwana. Nilishuka Moshi siku ile na pistoni iliyotoboka kwenye sanduku, nikiamini nimembebea mzee wangu mzigo wake. Sifa ikasambaa, bila shaka. Kule Marangu nikawa fundi wa kompyuta zinazokataa mlima. Wenye magari ya Kijapani ya kuwapeleka wageni geti la mlima walikuwa wakinisalimia vizuri, kisha wakipeleka magari yao kwa mwingine. Nilivumilia. Nilikuwa na uchovu mwingine wa kutosha, huo nao ukaingia humohumo. Kila Krismasi nilipokwenda kumwamkia mzee tulizungumza habari za ng'ombe na ndizi, na namna kahawa inavyong'olewa watu wapande nyanya. Gari lilikuwa palepale bandani, limerudishiwa gunia lake. Hatukulitaja. Wala hakunitania tena kuhusu koleo ya fundi redio, na utani wake niliukosa kuliko wateja.

Ilipita miaka minne. Siku moja akaniletea salamu kwa dereva, kwamba nipande na spana zangu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kilekile, amekonda, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Halafu akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kirungu cha redio. Alikuwa amekichomoa zamani, na sehemu iliyoandikwa namba ilikuwa imefutika kwa kushikwashikwa.

“Nani alitoboa pistoni?” akaniuliza.

Nikaangalia chini. “Mzee, hayo yamekwisha.”

“Sikuulizi kama yamekwisha. Nilikuona. Niligeuka pale darajani nikakuona unakirudisha. Nikasema moyoni, atanieleza akishapumua. Nikakupa nafasi mbele ya watu, nikasingizia kompyuta, nikakungojea unijibu kama fundi. Ukacheka. Nikakuuliza hapa bandani, ukaniambia umetupa injekta. Wewe, niliyekufundisha mimi, umetupa kifaa.” Alisema haya yote bila kupandisha sauti. “Unajua, nilipofunga gereji sikuona nimezeeka. Hata nilipovutwa kwa kamba. Nilizeeka siku uliyoona nakosea ukaninyamazia. Mtu mnayemnyamazia hivyo ni yule mliyeshamaliza naye.”

Niliona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Kwa miaka minne nilikuwa nimejisifu kwa heshima yangu, kumbe nilimzika mtu yu hai.

“Basi sema,” akasema. “Nani?”

“Ni mkono wako, mzee. Ulipunguza mafuta pale kwenye kona. Nilikuwa nimekwambia usiguse.”

“Ulikuwa umeniambia.”

“Nilikwambia Kahe.”

“Ndiyo. Mkono ulikwenda wenyewe.” Akavuta pumzi. “Aika,” akasema, asante ya kwao, ambayo kwenye gereji hakuwahi kunipa hata mara moja.

Pistoni nilikuwa nayo. Ilikaa kwenye sanduku langu miaka yote, ndani ya kitambaa kilekile, kwa kuwa kuitupa sikuweza. Nikaitoa nikamwekea kiganjani. Aliipeleka kwenye mwanga wa mlango, akachungulia kupitia tundu lake kwa muda, akaguna, akaiweka kwenye kigoda kando yake.

Akasimama kwa shida akaenda kwenye gari, akalivuta gunia. Vumbi likatufanya tukohoe wote wawili. Alitaka tulifungue, ingawa sote tulijua pistoni ya gari lile haipatikani popote na kwamba mlima halitaupanda tena. Akaninyooshea mkono bila kunitazama, kama zamani, na mimi nikampa spana bila kuulizwa namba gani. Ikamponyoka, ikaangukia kwenye majani ya ng'ombe. Nikaiokota, mgongo ukiniuma, nikamrudishia, ikamponyoka tena.

“Unaishika vibaya, mzee,” nikamwambia. “Vidole haviwezi tena hivyo. Shika huku mwisho, kwa kiganja.”

Aliitazama spana, akanitazama mimi.

“Haya,” akasema, na akashika huku mwisho.